Barua ya Bata Mzinga kwa Herufi za Mbao

Barua yenyewe ilihusu bata mzinga. Naliweka hili wazi mapema ili mtu asije akatarajia mapenzi na maua. Mama aliiandika akiwa nyumbani, upande wa magharibi, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa hapa Nairobi, Jericho, katika chumba alichokaa na wenzake wawili kutoka kwetu. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji Industrial Area, enzi zile maneno yalipopangwa kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine. Siku moja akapata wazo. Akanunua bata mzinga dume, akamfunga miguu, akampakia kwenye basi la kwenda nyumbani, na kumwambia kondakta: mpe mke wangu, mwambie huu ndio mwanzo wa utajiri.

Wiki tatu baadaye akapata majibu.

“Mume wangu, salamu. Sote ni wazima, isipokuwa waliotishwa. Mgeni uliyemtuma amefika na amekaa kwenye kiti chako. Nimemweleza kwa adabu kwamba kiti kina mwenyewe. Amenijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana najua barua hii itasomwa na wenzako. Jumapili mhubiri alikuja kutuombea. Mgeni wako alimtazama, akavimba, akamkimbiza kuzunguka nyumba mara mbili. Mhubiri akasema, Shindwa! Mgeni wako akasema, Gulugulugulu. Mhubiri akasema, Shindwa kabisa! Mgeni wako akasema, Gulugulugulugulu. Aliyeshindwa namjua, ila sitamtaja kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu. Tulimteremsha kutoka juu ya paa la choo saa kumi. Kwa hiyo, mume wangu, chagua. Yeye au mimi. Usijibu haraka, nataka ufikirie. Ni mimi mkeo, ninayekaa kwenye kigoda. Tanbihi: Amenenepa. Krismasi njoo na chumvi.”

Baba alienda Krismasi na pakiti ya chumvi. Bata mzinga aliliwa, kiti kikarudi kwa mwenyewe.

Tangu hapo, kila Krismasi, hatuli mpaka barua isomwe. Hata Mama alipohamia Jericho na sisi wote, Baba aliivaa miwani yake, akaikunjua ile karatasi, akasoma kwa sauti ya Mama. Mama akiwa pale pale anajifanya amekasirika. “Nyinyi mna wazimu,” anasema, na huku anangoja sehemu ya mhubiri kuliko mtu yeyote. Ikifika Tanbihi, Baba ananyamaza baada ya “Amenenepa,” na sisi wote tunapiga kelele, “Krismasi njoo na chumvi!” Hapo Baba anabwaga pakiti ya chumvi mezani, na sasa tunaweza kula.

Mama alitutoka miaka minne iliyopita. Barua iliendelea kusomwa. Nadhani ndiyo iliyomshikilia Baba asianguke.

Kisha macho yake yakaanza kwenda. Presha ya macho, daktari alisema, na akasema pia kwamba kilichopotea hakirudi. Krismasi ya mwaka juzi Baba alivaa miwani, akaisogeza barua dirishani, akaanza vizuri tu. Lakini nilimwona. Macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Alikuwa anakariri. Alipomaliza sehemu ya kiti akarukia moja kwa moja kwenye paa la choo, mhubiri hajafika hata mlangoni. Hakuna aliyecheka. Akajua. Akaikunja barua polepole, akasema, “Mwaka huu imetosha.” Tulikula bila kelele, na pakiti ya chumvi ilibaki jikoni.

Nilimwambia nitamsomea mimi. Alikataa. Nikamwambia basi akariri tu, tutamkumbusha panapopotea. Akanikasirikia kweli kweli.

“Kukariri si kusoma,” alisema. “Nikikariri najisikia mwenyewe. Nikisoma namsikia yeye.”

Sasa mnielewe, mimi si mtu wa kuambiwa jambo kama hilo nikakaa kimya. Mimi ni mbunifu wa kurasa katika duka la uchapaji karibu na Industrial Area. Kazi yangu kubwa ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye ratiba na picha ya marehemu. Kuanzia Buruburu hadi Dandora, mtu akifa, kuna uwezekano mkubwa picha yake imepita mikononi mwangu, nimemtoa makunyanzi na kumwekea maua ya waridi pembeni. Nikajiapiza kwamba Krismasi ijayo Baba atasoma barua ile mwenyewe, atake asitake. Daktari alisema bado anaona vitu vikubwa na vyeusi. Basi nitamtengenezea kitabu kikubwa na cheusi, kuna ugumu gani?

Januari nikampelekea kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeichapa barua kwa herufi kubwa, kurasa nane, nikajiona bingwa. Baba aliuleta ukurasa wa kwanza karibu na pua, akausogeza huku na huku.

“Hii ni ya nani aliyekufa?” akauliza.

“Ni barua ya Mama, Baba.”

“Nakuuliza nani amekufa. Mistari yote iko katikati. Herufi zimepindapinda. Hapa pembeni kuna kitu, ni ua?”

Lilikuwa ua. Wallahi sikuwa hata nimeliona! Mkono wangu ulikuwa umezoea, ukiupa jina la mama wa mtu unaweka ua wenyewe.

“Umemzika mara ya pili,” Baba akasema, akanirudishia karatasi zangu.

Niliondoka pale nimenuna, nikatembea mpaka Jogoo Road nikiongea peke yangu kama chizi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mama hakuwahi kuongea katikati ya ukurasa maisha yake yote.

Jumapili iliyofuata Baba alinifanya niingie chini ya kitanda chake. Kulikuwa na sanduku ambalo tangu utotoni tulikatazwa kuligusa. Kiwanda kilipobadilisha mashine na kutupa vitu vya zamani, Baba aliomba herufi. Alizibeba nyumbani kwa mafungu, siku baada ya siku: herufi za mbao kubwa kama kiganja, na nyingine za madini ya risasi, ndogo kama punje ya mchele. Akaingiza mkono sandukuni, akatoa moja, akaipitishia kidole. “K,” akasema. Akatoa nyingine. “M. Hii ilivunjika mguu.” Hakukosea hata moja.

“Panga kwa mkono,” akaniambia. “Mkono hauna haraka ya kuweka maua.”

Kwa hiyo nikaanza upya, nikiwa na umri wangu huu, kujifunza kazi ambayo baba yangu aliacha kabla sijajua kushika kipanya cha kompyuta. Dukani kulikuwa na mashine kuukuu ya kuvuta kwa mkono, imefunikwa turubai na kufanywa meza ya chai. Mwenye duka aliniruhusu niitumie Jumamosi mchana. Vijana wa dukani walinicheka mpaka basi. “Niaje, babu,” walinisalimia, “leo unachapa gazeti la mkoloni?” Niliwaambia wakae mbali na wino wangu.

Herufi zenyewe zilinitesa. Ziliagizwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya Kiingereza, kwa hiyo E zilikuwa za kumwaga, na A na K za kutafutana. Kiswahili kinakula A kama mtoto anavyokula njugu. Nikiishiwa A nageuza V juu chini, ujanja wa Baba mwenyewe. Na G za mbao zilikuwa tatu tu, tatu, na mimi nina bata mzinga wa kusemesha! Nikachapa ukurasa wa gulugulu mara nne, karatasi ile ile, kila mara nikizisogeza G kidogo na kuziinamisha. Zikapandana, zikasukumana, ukurasa wote ukawa unavimba. Nilipouinua nikacheka peke yangu. Bata mzinga alikuwa ameingia dukani.

Mhubiri nilimpa herufi nyembamba, zimesimama wima kama mtu aliyevaa tai. “Shindwa” ya kwanza iko chini ya ukurasa, kubwa. Ya pili iko juu zaidi, ndogo kidogo. Kisha amebaki peke yake kabisa kwenye ukingo wa juu, amekaa juu ya paa la choo. Kiti nacho nilikipa ukurasa mzima, neno moja tu, na kigoda cha Mama nikakiweka kwenye ukurasa wake mwishoni, chini kwa herufi fupi.

Tukagombana mahali pamoja. “Chagua. Yeye au mimi.” Mimi nilitaka maneno hayo yajaze ukurasa kwa herufi kubwa kuliko zote, ili Baba aone.

“Hapana,” Baba akasema. “Mama yako alipokasirika alipiga kelele?”

Nikafikiri. Mama alipokasirika alishusha sauti. Sufuria ikianguka alipiga kelele, matokeo ya mtihani yakiwa mabaya alinong'ona, na sisi tuliogopa mnong'ono kuliko mwiko.

“Basi weka ndogo,” akasema. “Ndogo kabisa. Za risasi.”

“Hutaziona, Baba.”

“Ni barua yake, si yangu.”

Nikaweka ndogo. Ukurasa mkubwa mweupe, hauna kitu, na kule chini kabisa, kona ya kulia, mstari mmoja wa punje za mchele. Nilijua ndio ukurasa bora niliowahi kupanga, na nilijua ndio ambao hataweza kuusoma.

Karatasi nilichukua kwa akina mama fulani Dandora wanaoloweka mabaki ya karatasi, wanaponda, wanaanika upya. Ni nene na laini, ina vipande vidogo vya magazeti ndani yake. Nayo ikanileta kwenye kosa langu kubwa. Baba alinifundisha sheria moja kuliko zote: herufi iiguse karatasi, isiiume. Mchapaji mzuri, ukipapasa mgongo wa karatasi yake, usisikie kitu. Mimi sikuweza. Nikilegeza, wino haukufika kwenye ile karatasi ya mabaki. Nikikaza, herufi zilizama mpaka zikatokeza nyuma, mgongo wote ukawa na vinundu. Jumamosi baada ya Jumamosi niliumauma tu. Nikaamua moyoni kwamba nitabandika karatasi mgongo kwa mgongo kwa gundi, vinundu vifichike, na Baba asijue.

Novemba nikampelekea ukurasa wa kiti kumjaribu. Herufi nne, kila moja kubwa kama kiganja, nyeusi tititi. Aliutazama muda mrefu.

“Barua iko wapi?” akauliza, mpaka nikamwambia ni neno kiti.

Sikujua macho yangeenda haraka hivyo. Nilitoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo nikalia, nalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi karibu mwaka mzima na giza limenishinda kwa wiki chache. Sikuacha kuchapa. Lakini nasema ukweli, nilichapa kurasa za mwisho kama mtu anayefunga mzigo huku akijua mwenyewe atauacha barabarani.

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, nilifika Jericho na kurasa zote mkononi, na gundi kwenye mfuko. Nilitaka kuzibandika kwenye meza ya Baba kwa kuwa yangu ni ndogo. Alisikia harufu ya wino kabla sijakaa.

“Lete nipime,” akasema.

Nikajifanya sijasikia.

“Lete, nimesema.”

Nikampa ukurasa wa kiti. Akafanya walivyofanya wapanga chapa wote wa zamani: akaugeuza, akapitisha vidole mgongoni kupima nilivyokaza. Uso ukabadilika.

“Aisee! Umeiuma! Umeitafuna hii karatasi! Mwaka mzima nakwambia isiume, na wewe...”

Vidole vikarudi vilikotoka. Akauzungusha ukurasa juu chini, upande wa juu ukawa kifuani kwake, akapapasa tena kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu.

“Kiti,” akasema.

Sikuelewa. Nikadhani anakumbuka nilichomwambia Novemba. Nikampa mwingine bila kusema ni upi. Akaugeuza, akauzungusha, akaanzia kifuani.

“Amenijibu maneno... ambayo siwezi... kuyaandika.” Kidole kikasimama. “Hii A ni V. Umeishiwa A, ee?”

Hapo ndipo nilipopiga ukelele mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Herufi ya uchapaji imegeuzwa, kama mnavyojua au hamjui. Mpanga herufi huisoma kinyume, juu chini, na mstari wa kwanza uko karibu naye. Ndivyo baba yangu alivyosoma kila neno kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa jicho na kwa kidole. Na mgongo wa karatasi iliyoumwa ni herufi zile zile, zimegeuzwa vile vile, zimesimama. Kosa langu ndilo lililoandika barua kwa lugha ya mikono yake!

Nilitaka asome zote pale pale. Akakataa, akazirundika pamoja.

“Kesho,” akasema. “Kesho ndiyo siku yake. Na hiyo gundi yako nenda nayo.”

Sikuwa nimemwambia habari ya gundi, harufu ilinitangaza. Nikakaa mezani kwake mpaka jua likaanza kushuka, nikazishona kurasa migongo ikiwa juu, kwa mpangilio wa kwake: anayesoma kwa vidole ndiye anayefungua vizuri, na sisi wenye macho tuiname tuchungulie upande wa chini. Jalada nililikata kutoka kwenye koti lake la kazi la buluu, lenye doa la wino mfukoni. Jambo moja lilinikaa rohoni. Ule mstari mdogo. Ukurasa mtupu, kona moja, punje za mchele. Ningeweza kumwonyesha mahali, nikamshika mkono nikaupeleka. Nikaamua sitafanya hivyo. Nilimwachia Mama kazi yake.

Krismasi tulijaa chumba kile mpaka mlangoni. Baba hakuvaa miwani. Aliweka kitabu mezani, akafungua, akaweka mikono miwili juu yake.

“Mume wangu, salamu,” akasema, na jamani, ilikuwa sauti ya Mama.

Alisoma polepole kuliko zamani. Kwenye kiti tulicheka. Alipofika kwa mhubiri, vidole vilianza mbali mezani, kwenye Shindwa ya kwanza, vikarudi kumfuata kuja kwake. “Huyu anakimbilia kwangu,” akasema. “Amepanda mpaka kifuani!” Kwenye gulugulu vidole vyake vilitawanyika juu ya zile G zilizopandana, kushoto, kulia, juu, kila mahali, na akatoa mlio ambao hakuwahi kuutoa miaka yote aliyosoma kwa macho. Shangazi yangu alilazimika kushika meza. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, sikujali nani ananiona.

Kisha akafungua ukurasa mtupu.

Akapapasa kifuani. Hakuna. Akapapasa katikati. Hakuna. Nikakaa juu ya mikono yangu ili nisimsaidie. “Hapa hapana kitu,” akasema taratibu. Lakini mkono haukurudi. Ukaendelea kwenda mbele, ukinyooka, mpaka akalazimika kuinuka kidogo kitini kufikia ukingo wa mbali, na huko, kona ya kulia, vidole vikasimama.

Akashusha sauti mpaka tukainama kumsikia.

“Chagua,” akasoma. “Yeye au mimi.”

Hakuondoa mkono. “Nani aliweka maneno haya huku mbali?”

“Mimi, Baba. Uliniambia ndogo. Mahali nilichagua mwenyewe.”

“Hapa ndipo alipokuwa akisimama akikasirika,” akasema. “Pale mlangoni.”

Wote tukageuka tukatazama mlango. Kisha Baba akakaa, akapangusa uso kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akafungua kurasa zilizobaki. Kufikiria, mke, kigoda, vyote alivipitia bila kukwama. Akafika mwisho.

“Tanbihi,” akasoma. “Amenenepa.”

Akanyamaza, akatungojea. Nilijaza kifua nikapiga kelele kuliko wote, na nadhani hata watu wa Buruburu walisikia kwamba Krismasi mtu aje na chumvi. Baba akainama chini ya kiti chake, akatoa pakiti aliyokuwa ameificha tangu asubuhi, akaibwaga mezani kwa nguvu hadi vijiko vikaruka.

“Sasa kuleni,” akasema.